Kopo, mone na deni: ginsi watu wa Bafwasende wananunua chakula

Katika mji wa Bafwasende hamuna supermarché. Mtu anayetaka kusukuma kigari kati ya rafu za vyakula, kusoma bei iliyobandikwa na kulipa mbele ya mashini, lazima apande moto ao gari aende mpaka Kisangani, kilometa 262 kwa barabara ya kitaifa nambari 4. Na huko pia maduka ya namna hiyo yanahesabika. Lakini mambo ambayo watu wa miji mikubwa wanalalamikia ndani ya supermarché yako yote Bafwasende: bei inayopanda bila kusema, pakiti inayopungua, feza inayobaki kwa mwenye kasa, bidhaa iliyopita siku. Yamevaa tu nguo ingine.

Hapa chakula kinanunuliwa pahali patatu. Kuna soko, ambako wamama wanauza mchele, muhogo, sombe, ndizi, mafuta ya ngazi, samaki na nyama. Kuna alimentation, ni kusema butiki ya ukuta na mabati yenye sukari, chumvi, maziwa ya unga, biskuti, sabuni, tomate ya kopo na makayabu. Na kuna meza ya mbele ya nyumba, ambako mtoto anauza kijiko cha sukari ndani ya kasashi, mafuta ndani ya kachupa, na sigara moja moja. Kwa ile meza ndiko bei iko juu zaidi ukipiga hesabu vizuri, na ndiko wenye feza kidogo wananunua. Mwenye feza ya kilo moja analipa bei ya kilo. Mwenye feza ya kijiko analipa bei ya kijiko, na vijiko vya kilo moja vikihesabiwa vinapita bei ya kilo kwa mbali.

Vitu vinatoka wapi

Territoire ya Bafwasende ni kubwa kuliko nchi ya Ubelgiji: inapita kilometa za mraba 47.000, nyingi zikiwa pori. Ndani ya jimbo la Tshopo, lililozaliwa 2015 wakati Province Orientale ilipokatwa, hakuna territoire ingine inayoifikia kwa ukubwa. Mji wenyewe uko kwenye mto Lindi, kati ya Kisangani upande wa magharibi na Nia-Nia, Mambasa na Komanda upande wa mashariki.

Vyakula vya shamba vinatoka karibu. Mpunga, muhogo, ndizi na mafuta ya ngazi ni vya wakaaji wenyewe. Vitu vya alimentation vinakuja kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni mto Kongo: mashua na baleinière zinapanda kutoka Kinshasa mpaka Kisangani, safari ya kilometa zaidi ya 1.700, kisha mzigo unapanda kamiyo kuja Bafwasende. Mlango wa pili ni mashariki: bidhaa zinashuka kwenye bandari ya Mombasa ao zinatengenezwa Uganda na Kenya, zinapita mpaka wa Kasindi, Beni na Butembo, halafu zinafuata ile RN4. Maharagwe, vitunguu na viazi pia vinatoka upande ule.

Mlango wa mashariki si wa kutegemea. Kati ya Beni, Komanda na Mambasa, washambuliaji wa ADF wameua watu na kuchoma magari mara nyingi, na tangu mwezi wa tano 2021 Ituri na Kivu ya Kaskazini ziko chini ya état de siège. Siku ambayo magari yanangojea kusindikizwa na askari, sukari ya Bafwasende nayo inangojea. Na kama si risasi, ni matope. Barabara ilifunguliwa upya kwa mradi Pro-Routes ulioanza 2008 kwa feza ya Banque mondiale na ya Uingereza, lakini barabara ya udongo ndani ya pori la mvua haiombi ruhusa ili iharibike. Kamiyo moja ikizama katikati, zingine zinajipanga nyuma yake siku mbili, tatu, ao juma zima. Vitunguu vinaoza. Mwenye mzigo anafika na nusu ya mali, na ile nusu iliyooza nayo inaingia ndani ya bei.

Tena kuna vizuizi. Watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walihesabu 2017 karibu vizuizi 800 kwenye barabara za Kivu ya Kaskazini na ya Kusini peke yake, vya serikali na vya wenye silaha. Butembo na Beni ziko ndani ya ile hesabu. Kila kamba inayofungwa barabarani inaongeza kitu juu ya gunia, na anayekuja kulipa mwisho ni mama anayesimama mbele ya meza ya alimentation na kuuliza: kwa nini tena imepanda?

Kopo

Hapa ndipo moyo wa maneno.

Mchele, maharagwe, unga, karanga na chumvi haviuzwi kwa mizani. Vinauzwa kwa kopo. Mara nyingi ni kopo ya zamani ya maziwa ya unga ya watoto, ile ambayo mashariki ya Kongo watu waliipa jina la chapa yake, Guigoz, hata kama siku hizi ilikuwa ya maziwa mengine. Chini yake kuna gobele, na chini ya gobele kuna kijiko. Juu yake kuna beseni, ndoo na gunia. Hakuna hata kimoja ambacho kina uzito ulioandikwa, na kopo ya mama mmoja si kopo ya jirani yake.

Kopo inaweza kudanganya kwa njia nyingi. Kitako kinapigwa kutoka chini kwa nyundo mpaka kinaingia ndani kama tumbo la mtu mwenye njaa. Pembeni panabonyezwa. Kuna wanaoweka karatasi ao kipande cha katoni chini. Kuna wanaopima wakishikilia vidole ndani. Na kuna ufundi wa mkono, ambao si kosa la kopo: mwingine anamwaga mchele polepole ili ubaki na hewa, mwingine anapigapiga kopo ili ushuke na kujaa. Kopo ya kilele na kopo ya kukatwa kwa kiganja ni bei moja, lakini chakula si kimoja.

Tuseme kopo nzuri inabeba gramu 800 za mchele, na kopo iliyopigwa kitako inabeba 720. Kwa macho tofauti haionekani. Nyumba yenye kununua kopo 3 kila siku inapoteza gramu 240 kwa siku. Kwa siku 30 ni kilo 7 na gramu 200, ni kusema kopo 9 nzima. Ni siku 3 za kula ambazo zililipwa na hazikufika kwenye sufuria.

Wauzaji nao wana yao ya kusema, na ni haki kuyasikia. Gunia wanalonunua kwa mwenye kamiyo pia halipimwi mbele yao. Wanaambiwa ni kilo mia, wakilifungua wanakuta mawe, maganda ya mpunga na unyevu. Mama anayeuza kwa jua toka saa kumi na mbili asubuhi analipa tiketi ya soko, analipa pahali pa kulalisha mali, analipa mbebaji. Akipima sawa mpaka kopo ya mwisho, wakati mwingine anagundua kwamba gunia halikufikisha hesabu aliyoambiwa, na faida yake imeisha. Basi anakamata nyundo. Hilo halifanyi wizi kuwa haki, lakini linaonyesha kwamba kopo ya sokoni inaanza kubonyezwa mbali kabisa na soko.

Cha kuchekesha, kama mtu bado ana nguvu ya kucheka, ni kwamba mizani iko Bafwasende. Territoire ina dhahabu na almasi, na wanunuzi wa dhahabu wana mizani midogo ya mkono ambako wanapima hata kwa kijiti cha kibiriti. Kwa dhahabu, uzito wa kijiti unabishaniwa. Kwa mchele, kopo nzima inapotea na watu wanasema: sokoni ndivyo iko.

Namna ya kujua kopo inabeba ngapi si ngumu. Maji hayadanganyi: litri moja ya maji ni kilo moja. Chupa kubwa ya Primus imeandikwa centilitri 72, chupa ndogo ya maji safi ni nusu litri. Ukijaza kopo ya muuzaji kwa chupa inayojulikana, unajua ukubwa wake wa kweli. Mchele ni mwepesi kuliko maji kwa sababu ya hewa kati ya mbegu, kwa hiyo kopo ya litri moja haitoi kilo moja ya mchele. Lakini ukifananisha kopo mbili kwa maji, ile ndogo inajulikana papo hapo. Wamama wengine wanakuja sokoni na kopo yao wenyewe ya nyumbani na wanasema: pima ndani ya hii. Muuzaji mwenye kopo nzuri hakatai. Akikasirika, jibu limepatikana.

Watu wasifikiri kwamba ni mambo ya Kongo tu. Ndani ya supermarché za Ulaya, viwanda vimejifunza kupunguza gramu ndani ya pakiti na kuacha bei vile vile, ao hata kuipandisha. Pakiti inabaki na sura yake, biskuti zinapungua. Ni kopo iliyopigwa kitako, tofauti ni kwamba nyundo iko kiwandani. Kule Ufaransa ikawa malalamiko mpaka serikali ikaamua: tangu tarehe 1 mwezi wa saba 2024, maduka makubwa yanayopita metre za mraba 400 yanapashwa kubandika tangazo mbele ya bidhaa iliyopunguzwa, kwa muda wa miezi miwili. Na mbele ya hapo, tangu 1998, Umoja wa Ulaya uliamuru maduka yaonyeshe bei ya kilo ao ya litri, si bei ya pakiti tu, ili mnunuzi aweze kufananisha. Hiyo bei ya kilo ndiyo inayokosekana Bafwasende.

Mone

Mone ni ile feza ndogondogo ya kurudisha. Kila mtu wa hapa anajua lile neno la muuzaji: «Mone hakuna.» Baadaye linakuja jingine: «Kamata bonbon.» Ao kiberiti, ao mchemraba wa supu. Mtu alikuja kununua chumvi, anarudi nyumbani na chumvi na pipi mbili ambazo hakuziomba.

Sababu ya kwanza ni noti zenyewe. Franka ya Kongo ilitoka 1998, ikikamata nafasi ya zaïre mpya, franka moja kwa zaïre mpya 100.000. Wakati ule dola moja ya Marekani haikufika franka 2. Kulikuwa na noti za santimu, watu wazima wanazikumbuka. Zilikufa zote. Noti ya 20.000 ilitoka 2012, na sasa dola inahesabiwa kwa maelfu ya franka. Noti za 50, 100 na 200, zile zinazosaidia mone, zimezunguka mikononi, ndani ya vitambaa vya kiuno na ndani ya samaki mpaka zimekuwa kama kitambaa. Namba haisomeki, harufu inasomeka. Noti mpya ndogo zinafika kwa shida kwenye mji ambao uko mbali na banki.

Mtu akiacha franka 100 kwa muuzaji kila siku, mwaka mzima ni franka 36.500. Hakuna anayeihesabu kwa sababu inatoka kidogo kidogo, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Wenye alimentation wengine wanaandika kijikaratasi: «Mama, unabaki na 200.» Ni desturi nzuri, kama karatasi haikupotea na kama mtoto aliyeandika bado yuko pale kesho. Wanunuzi wengine wanapanga mahitaji yao ili yafike hesabu nzima, wanachukua sabuni ambayo hawakuitaka leo ili noti ya 1.000 iishe vizuri. Muuzaji mjanja anajua hilo, na bei zake zinapangwa ili zisifike hesabu nzima.

Halafu dola. Bei za jumla za bidhaa za mbali zinahesabiwa kwa dola, na maduka yanaipokea. Lakini dola inapokelewa kama bibi arusi: lazima iwe safi. Noti ya franka inaweza kuwa imepasuka vipande viwili na kushonwa kwa skochi, inapita. Noti ya dola ikiwa na kijitundu kama ncha ya sindano, ikiwa na alama ya kalamu ao pembe iliyopasuka kidogo, inakataliwa, ao inakamatwa kwa bei ya chini. Kule Marekani kwenyewe ile noti ingenunua mkate bila maneno. Hapa aliyeipokea bila kuiangalia kwa jua anabaki nayo. Ndiyo maana wamama wanaiinua juu, wanaigeuza, wanaipapasa, na mtu anayelipa anasimama kama mshitakiwa.

Tena kuna taux. Tuseme dola moja ni franka 2.800. Alimentation inakubali dola yako kwa 2.700. Ukilipa kwa noti ya dola 10, umeacha franka 1.000 mbele ya kununua hata kitu. Si wizi wa siri: iko wazi, wanakuambia. Lakini haikuandikwa popote, na kila butiki ina yake.

Bei inapanda ngazi, haishuki

Dola ikipanda Kinshasa asubuhi, simu inapigwa, na mchana sukari ya Bafwasende imepanda, hata ile iliyonunuliwa mwezi uliopita kwa dola ya zamani. Muuzaji anajibu kwamba anapashwa kununua nyingine kwa bei mpya, na hapo ana haki: kama akiuza kwa bei ya zamani hataweza kujaza rafu. Shida inaonekana dola ikishuka. Mwisho wa 2025 franka ilipata nguvu: dola iliyokuwa karibu 2.900 ilishuka kwa majuma machache tu, ikaenda upande wa 2.200 na 2.300. Nchi nzima watu walingojea bei zishuke. Waliopokea mshahara kwa dola waliona mshahara wao umekuwa mdogo, na bei ya sokoni ilibaki pale pale ao ilishuka kidogo sana. Wauzaji walisema: tulinunua kwa dola ya juu. Ni lile lile jibu, limegeuzwa.

Sheria inasema nini? Sheria nambari 18/020 ya tarehe 9 mwezi wa saba 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani ilikuja kusimama pahali pa dekreti ya 1961. Neno lake kubwa ni uhuru: muuzaji anapanga bei yake mwenyewe, isipokuwa kwa vitu vichache kama maji, umeme, mafuta ya gari na usafiri wa watu. Lakini uhuru wa kupanga bei si uhuru wa kuificha. Mnunuzi ana haki ya kuijua mbele ya kununua, kwa kibandiko ao kwa tangazo. Ndani ya alimentation nyingi bei iko ndani ya kichwa cha mwenye duka, na kichwa kinaangalia kwanza mnunuzi amevaa viatu gani.

Ukaguzi wa bei ni kazi ya huduma ya Economie ya territoire. Ubora wa bidhaa na vipimo ni kazi ya OCC, Office congolais de contrôle, iliyoundwa 1974. Wauzaji wanawajua vizuri hao maofisa kwa upande wa tiketi na faini. Upande wa kopo wanaujua kidogo.

Duka la Mgiriki na baiskeli

Wazee wa hapa hawashangai kusikia neno magasin. Wakati wa ukoloni na miaka ya kwanza ya uhuru, Wagiriki, Wareno na Wahindi walikuwa na maduka Stanleyville, ambayo iliitwa Kisangani 1966, na kwenye vituo vya barabara za ndani. Walinunua mpunga, kahawa na pamba, waliuza nguo, chumvi, samaki ya kopo na taa. Mbele yao, watu wa Tippo Tip kutoka Zanzibar walifungua njia za pembe na za watumwa, na lugha ya Kiswahili ilibaki nyuma yao.

Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973 Mobutu alitangaza zaïrianisation. Maduka na mashamba ya wageni yalipewa Wazaïre, wanaoitwa acquéreurs. Wengi walikuwa watu wa chama na wa serikali, si wachuuzi. Waliuza mali iliyokuwa ndani, na rafu zikabaki wazi kwa sababu aliyezijaza alikuwa ameondoka na namba za watu wanaomletea mzigo. Miaka iliyofuata serikali iliwaita wenye mali warudi. Wengine walirudi, wengi hapana. V.S. Naipaul, ambaye alipata tuzo ya Nobel 2001, alitoa 1979 riwaya nzima juu ya mwenye duka mwenye asili ya Kihindi kutoka pwani ya Afrika Mashariki katika mji wa mtoni, na kila mtu aliyeisoma aliitambua Kisangani. Duka linapokonywa, na rafu ndizo zinaeleza historia.

Kisha uporaji wa 1991, kisha vita. Kati ya 1998 na 2003, Kisangani ilikuwa upande wa waasi, mto ulifungwa kwa muda mrefu, na barabara ilimezwa na miti. Ni baiskeli zilizolisha Tshopo. Watu wanaoitwa kumba-kumba walisukuma baiskeli zilizobeba mafuta, mchele, chumvi na sabuni, kwa miguu, mamia ya kilometa, wakilala njiani. Kijana mmoja, baiskeli moja, gunia mbili, fimbo imefungwa kwenye usukani. Bei ya chumvi wakati ule ilikuwa bei ya miguu ya mtu. Mpaka leo kamiyo zikikwama, baiskeli zinatokea tena.

Deni

Mwalimu ao mfanyakazi wa serikali ambaye mshahara wake unachelewa hanunui kwa feza, ananunua kwa daftari. Mwenye alimentation anaandika: sukari, mafuta, sabuni, makayabu. Tangu mishahara ilipoanza kupita kwenye banki miaka ya 2011 na 2012, na kwa vijiji vya mbali kupitia Caritas, mwalimu wa pori anaweza kutembea siku nzima ili akamate feza yake, na akirudi daftari limeshaimeza.

Bei ya deni si bei ya feza mkononi. Kila mtu anajua, hakuna anayesema. Mwenye deni hawezi kuuliza kwa nini kopo ni ndogo, hawezi kurudisha maziwa yaliyoganda, hawezi kwenda kwa jirani mwenye bei nzuri. Anayedaiwa hana mdomo. Mwenye duka pia analala vibaya: watu wakihamishwa kazi, daftari linabaki karatasi. Wakishindwa wote wawili wanaenda kwa yule anayekopesha feza kwa faida kubwa, kile ambacho Kongo nzima inaita Banque Lambert, na huko kesi inaanza upya.

Chumvi na tarehe

Mambo mawili yanasahauliwa kwa sababu macho yote yako kwenye bei.

La kwanza ni chumvi. Zamani ugonjwa wa goitre, lile jipu la shingo, ulikuwa mwingi sana upande wa Uele na Ubangi, ambako udongo hauna iode ya kutosha na muhogo usiolowekwa vizuri unaongeza ubaya. Chumvi iliyotiwa iode ndiyo ilipunguza ugonjwa. Lakini gunia la chumvi likifunguliwa na kuachwa kwa jua na mvua sokoni, iode inapungua siku kwa siku. Chumvi ya kopo iliyokaa wazi inatia ladha, dawa yake imekwenda. Chumvi inunuliwe kwa muuzaji anayeifunika, na nyumbani ikae ndani ya chombo chenye kifuniko, mbali na moto.

La pili ni tarehe. Bidhaa iliyokaa majuma barabarani, kisha miezi kwenye rafu, inafika mikononi ikiwa nzee. Herufi EXP kwenye pakiti zinaonyesha siku ya mwisho. Zikifutwa ao zikikwaruzwa, hiyo yenyewe ni jibu. Kopo ya samaki ao ya tomate iliyovimba isinunuliwe hata kwa nusu bei, na anayeuliza kama ikichemshwa sana itafaa, ajibiwe hapana. Maziwa ya watoto yanaangaliwa mara mbili.

Kununua kwa pamoja

Ndani ya kartie kuna wamama ambao tayari wana likelemba: kila juma wanachanga, mmoja anakamata yote. Njia ile ile inatumika kwa chakula. Watu watano wanachanga gunia moja la mchele kisha mavuno, wakati mpunga ni mwingi na bei iko chini, mbele ya wanunuzi wa Kisangani kuubeba wote. Gunia linafunguliwa mbele ya wote watano, mawe yanaonekana mbele ya wote, na linagawanywa kwa kopo moja, ile ambayo wamekubaliana, si ya muuzaji. Wanaanza na mwenye nyumba ambako gunia limewekwa, ama wanamwacha wa mwisho, kulingana na wanavyoaminiana. Na kila mmoja anakuja na ndoo yake.